Barua ya wazi kwa wakubwa wa mazingira wa Kivu Kusini: hesabuni vyura pale mnapopima mvua

Waheshimiwa,

Naandika barua hii nikiwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na naielekeza kwa Waziri wa jimbo mwenye dhamana ya mazingira, kwa wakuu wa ICCN, taasisi ya taifa ya uhifadhi wa mazingira, wanaolinda Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, kwa uongozi wa kituo cha utafiti cha Lwiro, kwa idara za kilimo na maendeleo ya vijijini, na kwa kila Mwami ambaye mabonde ya usultani wake bado yana maji. Siulizi ni nani anayekalia kiti kwa wakati huu. Vyeo hubadilika mikono, na kazi ninayoiomba inahitaji miaka mingi kuliko muda wa cheo chochote. Ninaomba mambo mawili tu: kwanza, vyura wetu waanze kuhesabiwa kila mwaka, katika maeneo yaleyale, kando ya vipimo vya mvua na vya joto, pili, mpaka hesabu hizo zipatikane, yasikaushwe mabwawa machache ambayo hubaki na maji wakati wa kiangazi.

Najua kwamba ombi hili litawachekesha baadhi yenu. Katika jimbo lenye wakimbizi wa ndani, barabara zilizokatika na walimu wanaongoja mishahara, mtu anazungumzia vyura! Hata hivyo, mvua zilizowapa vyura makazi katika milima hii ndizo zinazootesha maharagwe na mihogo yetu, na ndizo zilizoporomosha milima ya Kalehe mwezi Mei 2023 na kuwaua mamia ya watu huko Bushushu na Nyamukubi. Kiumbe anayeishi ndani ya maji akiwa mdogo na juu ya nchi akiwa mkubwa hupokea kila badiliko la mvua mara mbili. Sitawasihi kwa hoja kwamba chura hula mbu na wadudu wa mashamba, ingawa hula. Nitawaeleza namna hali ya hewa inavyoongeza au kupunguza idadi yake, kwa sababu bila kuielewa namna hiyo, ombi langu la kuhesabu halitaeleweka.

Ngozi ya chura haimkingi na ukavu kama magamba ya mjusi yanavyomkinga mjusi. Ni laini, hupitisha maji, na sehemu kubwa ya pumzi yake hupitia humo. Ikikauka, hewa haipiti. Mwili wake nao hautengenezi joto lake wenyewe, bali hufuata joto la mahali alipo, kiasi kwamba usiku ukiwa wa joto zaidi mwili wake hutumia chakula kingi zaidi hata kama hakusogea. Kwa hiyo joto na unyevu kwake si mambo ya starehe: ndivyo vinavyoamua atembee lini, ale lini, alie kumwita jike lini na jike atage lini.

Chukueni mfano wa hesabu rahisi. Jike moja litage mayai 1,000 katika maisha yake yote. Ili idadi ya vyura wa bwawa hilo ibaki palepale, inatosha watoto wake wawili tu wafikie umri wa kuzaa. Akifika mmoja badala ya wawili, idadi hupungua kwa nusu katika kila kizazi. Wakifika wanne, idadi huongezeka maradufu. Tofauti kati ya bwawa linalojaa vyura na bwawa linalokwisha vyura ni watoto wawili au watatu kati ya elfu, na tofauti ndogo kama hiyo haionekani kwa macho ya mpita njia, wala kwa macho ya mtaalamu aliyekuja kwa juma moja na kamera yake.

Hali ya hewa huingia katika hesabu hiyo kwa kila mlango. Mvua zetu huanza mwezi Septemba baada ya kiangazi cha Juni hadi Agosti, na vyura wengi huanza kulia mara maji yanapotuama. Mvua ikinyesha kwa siku chache kisha ikakatika, mayai hubaki kwenye matope. Lakini si vyura wote wanaoumizwa na ukame huo kwa namna moja, na hapa ningependa mnisikilize kwa makini, kwa sababu milima yetu ina vyura wa tabia mbalimbali sana. Vyura wadogo wa matete wa kundi la Hyperolius, wengi wao hubandika mayai kwenye majani juu ya maji, na viluwiluwi huanguka majini vinapoanguliwa. Maji yakirudi nyuma hatua mbili tu, huangukia udongo mkavu. Vyura wa miti wa kundi la Leptopelis huzika mayai katika udongo karibu na bwawa na kungoja mvua iwasaidie watoto kufika majini. Hao huweza kuvumilia kukawia kwa mvua kwa muda fulani. Vyura wa kundi la Arthroleptis hawana viluwiluwi kabisa: hutaga mayai machache katika udongo wenye unyevu chini ya majani yaliyooza, na humo hutoka chura mdogo kamili. Huyu wa mwisho hahitaji bwawa, ila anahitaji msitu wenye kivuli, na siku za jua kali mfululizo humwua palepale mtu anapoamini kwamba maji yapo ya kutosha bondeni. Kusema kwamba ukame huwapunguza vyura ni kusema kweli nusu. Swali ni ukame wa mwezi gani, kwa vyura gani, katika kimo gani.

Kuna mfano mmoja unaojulikana duniani kote. Katika milima ya Monteverde, nchini Costa Rica, kulikuwa na chura wa rangi ya dhahabu aliyeishi katika eneo dogo la msitu wa mawingu. Mwaka 1987, ulioambatana na ukame wa El Niño, zaidi ya vyura 1,500 waliokomaa walionekana wakikusanyika kuzaana. Mtafiti aliyekuwa akiwafuatilia alihesabu mayai 43,500 katika madimbwi kumi. Madimbwi yakakauka, na viluwiluwi vilivyoishi zaidi ya juma moja vilikuwa 29. Mwaka 1989 chura mmoja wa aina hiyo alionekana kwa mara ya mwisho, na mwaka 2004 aina nzima ilitangazwa kuwa imetoweka. Wanasayansi wamebishana kwa muda mrefu kuhusu mgawanyo wa lawama kati ya ukame na ugonjwa, nami sidhani kwamba ubishi huo umekwisha. Ninachokiona mimi ni hiki: ubishi wenyewe unawezekana kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeketi kando ya dimbwi akihesabu. Sisi hapa hatuna hata cha kubishania.

Joto lina kazi yake mbali na mvua. Maji yakiwa ya joto zaidi, viluwiluwi hukua upesi na kutoka majini mapema. Hiyo ni faida pale ambapo bwawa hukauka haraka. Lakini wanaotoka mapema mara nyingi hutoka wakiwa wadogo, na mdogo hukauka upesi, huliwa kwa urahisi, hukawia kukomaa, na akikomaa akiwa jike dogo hutaga mayai machache. Huko Puerto Rico watafiti walirekodi milio ya chura aitwaye kokwi katika mteremko mmoja wa mlima mwaka 1983, wakarudi kwenye mteremko uleule mwaka 2006. Katika kila kimo walikuta vyura wamekuwa wadogo kuliko waliotangulia na milio yao imekuwa ya sauti nyembamba zaidi, kama ile iliyokuwa ikisikika zamani chini zaidi ya pale. Mlima mzima ulikuwa umepanda ngazi moja.

Mfano huo unatuhusu sisi watu wa milimani kuliko wengine. Kwa wastani joto hupungua kwa karibu nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda, maana yake ni kwamba joto likiongezeka kwa nyuzi moja, chura anayetaka kubaki katika ubaridi wake aliouzoea atalazimika kupanda mita 170 hivi. Anayeishi kando ya mto Ruzizi anaweza kupata pa kupanda, kama atakuta bonde lenye maji na si shamba. Anayeishi kwenye nyasi za juu za Itombwe hana. Kahuzi huishia mita 3,308, na mlima wa juu kuliko yote ya Itombwe, Mohi, huishia mita 3,475. Baada ya hapo kuna mawingu tu.

Sasa niseme jambo ambalo wasemaji wengi wa mazingira hulipita. Joto likiongezeka, si kila chura atadhurika, na wengine huenda wakanufaika. Kuna kuvu wa majini, Batrachochytrium dendrobatidis, ambaye huota katika ngozi ya vyura na kuwaua kwa kuiharibu. Alipewa jina hilo mwaka 1999, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulimhusisha na kupungua kwa aina 501 za amfibia (vyura na jamaa zao) duniani, 90 kati ya hizo zikidhaniwa kuwa zimetoweka. Kuvu huyu hustawi kati ya nyuzi 17 na 25 za Selsiasi na hudhoofika joto linapokaribia 30. Wastani wa joto la Bukavu ni karibu nyuzi 20. Yaani mji wetu na vilima vya Kabare vinamfaa kuvu sawasawa, wakati bonde la Ruzizi kule chini lina siku nyingi za joto linalomshinda. Tayari ameshapatikana katika vyura wa matete wa mashariki mwa Kongo. Kwa hiyo ongezeko la joto linaweza kuwapunguzia ugonjwa vyura wa Uvira, kule bondeni, na wakati huohuo likawapandishia kuvu wale wa milima ya juu zaidi ambao ubaridi ulikuwa ukiwakinga. Nani anaweza kusema lipi litashinda? Hakuna kitabu kitakachojibu swali hilo kwa niaba yetu.

Wala tusidhani kwamba tunaweza kuazima majibu ya wengine. Nchini Marekani, ambako mabwawa mengi yamefuatiliwa kwa miaka mingi, watafiti wamekuta kwamba aina ileile ya amfibia huitikia joto na ukame kwa namna tofauti katika maeneo tofauti: pakavu, maji yakipungua kidogo idadi huanguka, penye maji mengi, mwaka wenye mvua chache unaweza hata kuwasaidia, kwa mfano kwa kuwaua samaki wanaokula mayai. Tathmini kubwa ya dunia iliyochapishwa mwaka 2023 ilichunguza aina 8,011 za amfibia na kukuta kwamba asilimia 40.7 zimo hatarini, na kwamba kati ya aina ambazo hali yake ilizorota kuanzia mwaka 2004 hadi 2022, mabadiliko ya tabianchi ndiyo yaliyokuwa sababu kuu kwa asilimia 39. Ni takwimu nzito, nazo zinatosha kututisha. Hazitoshi kutuambia kama bonde fulani la Walungu liachwe au lilimwe.

Nasi hatuanzii patupu. Lwiro ilianzishwa mwaka 1947, wakati wa Wabelgiji, na mtaalamu Raymond Laurent alikusanya vyura wa milima hii na kuwaeleza katika miaka ya 1950. Miongoni mwao alikuwa chura wa Itombwe mwenye rangi ya dhahabu, Chrysobatrachus cupreonitens, ambaye baada ya miaka hiyo hakuonekana tena kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 2011 Chifundera Kusamba wa Lwiro na Mmarekani Eli Greenbaum walimpata. Ilikuwa habari njema, na Mkongo wa Lwiro alikuwa mmoja wa walioileta. Hata hivyo, kumpata chura si kumhesabu. Tunajua kwamba yupo. Hatujui kama waliobaki wanaongezeka au wanakwisha, na mtu atakayekwenda tena baada ya miaka kumi na kuwakosa hatajua kama walimalizwa na joto, na kuvu, na ng'ombe waliokanyaga vijito, au kama alifika katika usiku mbaya tu.

Anayetaka kuona faida ya kuhesabu atazame Tanzania. Chura wa Kihansi alikuwa akiishi katika manyunyu ya maporomoko ya mto mmoja tu duniani. Bwawa la umeme lilipojengwa, maji ya maporomoko yalipunguzwa kwa karibu asilimia 90, na mwaka 2000 vyura karibu 500 wakapelekwa kufugwa Marekani. Mitambo ya kunyunyiza maji iliwekwa bondeni, idadi ikapanda, na katikati ya mwaka 2003 vyura walikadiriwa kufika karibu 20,000. Miezi michache baadaye walianguka ghafla, na Januari 2004 walioonekana walihesabika kwa vidole. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2012 wajukuu wa wale waliopelekwa ng'ambo wakaanza kurudishwa. Ninaona mambo mawili katika habari hiyo. Idadi inaweza kuanguka katika muda mfupi kuliko muda wa kuandika ripoti ya mradi. Na waliojua kwamba imeanguka walijua kwa sababu walikuwa wakihesabu mfululizo, si kwa sababu walikuwa na mashine za ajabu.

Ninachopendekeza, basi, ni kazi ndogo ya kudumu. Yachaguliwe maeneo machache katika vimo vitatu: bonde la Ruzizi, mabonde ya Kabare karibu na Lwiro, na kinamasi cha Musisi ndani ya hifadhi, pale walinzi wanapoweza kufika bila kuhatarisha maisha. Katika kila eneo pawekwe kipima mvua, kipimajoto cha hewa na kingine ndani ya maji. Wakati wa mvua watu wawili wapite usiku katika njia ileile, kwa muda uleule, wakihesabu vyura wanaowaona na kurekodi milio kwa simu. Mayai na viluwiluwi vihesabiwe mchana. Viatu na nyavu visafishwe kwa maji ya javel (dawa ya klorini) na kukaushwa kila wanapohama kutoka bonde moja hadi jingine, la sivyo wahesabuji watakuwa ndio wanaombeba kuvu. Wanafunzi wa biolojia wa ISP, chuo cha ualimu, na wa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu wanaweza kuifanya kazi hii kama sehemu ya mafunzo yao, na vijana wa vijijini wanaowajua vyura kwa milio yao wasiachwe nje kwa sababu hawana diploma.

Jambo gumu si fedha, ni muda. Idadi ya vyura hupanda na kushuka sana yenyewe kutoka mwaka hadi mwaka, hivyo mradi wa miaka miwili, ambao ndio urefu wa miradi mingi inayokuja kwetu na bendera zake, hauwezi kutenganisha kupungua kwa kweli na mwaka mbaya wa kawaida. Miaka kumi ni kidogo. Kwa hiyo naomba kazi hii isitegemee mfadhili. Iwe na mstari wake katika bajeti ya jimbo, hata ukiwa mwembamba, na daftari zake zihifadhiwe Lwiro na nakala Bukavu, zikiwa wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma.

Kuhusu mabwawa, maneno yangu ni machache lakini ndiyo ninayoyaogopa zaidi kupuuzwa. Najua wakulima wanahitaji mabonde, na mimi nami hula mboga zinazolimwa humo wakati wa kiangazi. Siombi mabonde yote yafungwe. Naomba kwamba panapochimbwa mitaro ya kukausha, panapofyatuliwa matofali, au panapopandwa mikaratusi inayokunywa maji mwaka mzima, kibaki angalau kidimbwi kimoja kisichoguswa ambacho hakikauki Juni hadi Agosti, kikiwa na matete yake na kivuli pembeni. Humo ndimo vyura waliokomaa hungojea mvua, na kwa ongezeko la idadi uhai wao ni wa thamani kuliko mayai. Mayai mengi yakifa mapema, viluwiluwi vinavyobaki hupata chakula zaidi na vingi huokoka. Wakifa wakubwa, hakuna kinachowafidia. Na vidimbwi hivyo visigeuzwe mabwawa ya tilapia. Tilapia ni chakula kizuri, lakini bwawa lililojaa samaki si mahali pa kulea viluwiluwi.

Mvua zitaanza tena Septemba. Ili hesabu ya kwanza ishike mwanzo wa msimu, maeneo yanapaswa kuchaguliwa kabla ya Julai, na vipimo viwe vimewekwa Agosti udongo ukiwa bado mkavu. Naomba Waziri wa jimbo aitishe kikao kimoja cha Lwiro, ICCN, vyuo na wawakilishi wa Mwami wa Kabare ili kuamua nani atasimamia eneo lipi, na naomba majibu yenu yatangazwe hadharani, hata yakiwa ya kukataa, pamoja na sababu zake.

Kwa heshima,

Mwalimu wa biolojia, Kadutu, Bukavu